Tathmini: Wakala wa akili unde anayejaza daftari la chama

Huduma ninayoitathmini hapa inauzwa na kampuni changa ya Nairobi, na kazi yake ni kuwakodishia vikundi vya uwekezaji na biashara ndogo wakala wa akili unde, yaani programu inayofanya kazi yenyewe kwa niaba ya mtu, ambaye hutembelea vyanzo vile vile kila siku, kila wiki au kila mwezi, akatoa humo tarakimu zinazohitajika na kuzipanga katika lahajedwali yenye safu zilizokubaliwa tangu mwanzo. Jina la kampuni silitaji kwa sababu baadhi ya kasoro nitakazozieleza zilijitokeza katika hesabu za chama chetu cha uwekezaji, na huenda nyingine zimekwisha kurekebishwa. Isitoshe, huduma nyingi za namna hii zimejengwa juu ya modeli zile zile za lugha, yaani mifumo ya akili unde inayosoma na kuandika maandishi, zinazotoka Marekani, kwa hiyo yatakayosemwa kuhusu hii yatamfaa pia mtu anayepima nyingine.

Chama chetu ni cha kawaida kwa kiwango cha Nairobi. Wanachama huchanga kila mwezi kupitia Paybill, yaani nambari ya kupokelea malipo ya M-Pesa. Sehemu ya fedha hukaa katika mfuko wa soko la fedha, yaani mfuko wa pamoja wa uwekezaji wa muda mfupi, sehemu nyingine imewekwa katika hati za Hazina, yaani mikopo ya muda mfupi kwa serikali, zinazonadiwa na Benki Kuu ya Kenya, kuna hisa chache katika Soko la Hisa la Nairobi, na kuna lori moja linalobeba mizigo kutoka Industrial Area hadi Kampala. Mhazini, ambaye kwa sasa ni mimi, hutakiwa kufika mkutanoni akiwa na karatasi inayoonyesha thamani ya kila mali kwa tarehe moja. Hesabu zenyewe si ngumu, kwa kuwa nyingi ni za kujumlisha na kutoa. Kinachochosha ni kwamba tarakimu zimetawanyika katika tovuti, hati za PDF, barua pepe na arafa, kila chanzo kikiwa na desturi yake ya kuandika tarehe na fedha, na kwamba zinahitajika tena mwezi unaofuata kwa namna ile ile.

Kilichonivutia zaidi katika huduma hii ni jinsi inavyoanza. Kabla wakala hajaruhusiwa kugusa chanzo chochote, mteja hujaza fomu ya safu: jina la safu, aina ya data inayokubalika, kipimo chake, mahali itakapotoka, na maelezo ya sentensi moja au mbili ya kile hasa kinachotakiwa. Katibu wetu aliona fomu hiyo ni usumbufu, akauliza kwa nini mashine inayosifiwa kwa akili ielezwe mambo kama mtoto wa chekechea. Mimi naona kinyume, kwa sababu katika majaribio yetu ubora wa daftari zima ulitegemea sentensi hizo mbili kuliko ulivyotegemea ukubwa wa modeli.

Mfano mzuri ni viwango vya kubadilishia fedha vinavyochapishwa na Benki Kuu kwenye tovuti yake. Dola ya Marekani, pauni na yuro huandikwa kwa idadi ya shilingi za Kenya zinazolingana na moja ya sarafu hizo. Yeni ya Japani huandikwa kwa kila yeni 100. Shilingi ya Uganda na ya Tanzania zimegeuzwa: kinachoonyeshwa ni shilingi ngapi za jirani zinazolingana na shilingi moja ya Kenya. Karani mzoefu wa Nairobi hupita hapo bila kusita, kwa kuwa hajawahi kuona shilingi moja ya Tanzania ikinunuliwa kwa shilingi kumi na kitu za Kenya, lakini wakala asiyeelezwa huziweka tarakimu zote katika safu moja iitwayo kiwango, na anayekokotoa gharama za safari ya Kampala akazidisha mahali alipopaswa kugawanya. Tulipomjaribu bila maelezo, wakala wa huduma hii alifanya hivyo hasa. Tulipoandika katika nafasi ya kipimo kwamba tunataka shilingi za Uganda kwa shilingi moja ya Kenya, tatizo likaisha na halikurudi.

Hati za Hazina zina mtego wa aina nyingine. Hunadiwa kwa muda wa siku 91, 182 na 364, na matokeo ya mnada hutolewa kwa PDF ambamo kila muda una zaidi ya riba moja: upo wastani wa maombi yote ya soko, na upo wastani wa maombi yaliyokubaliwa. Tofauti kati ya hizo mbili mara nyingi ni ndogo, na ndiyo maana kosa lake hupita bila kuonekana. Baada ya kuelezwa kwamba tunataka ile ya maombi yaliyokubaliwa, wakala hakukosea tena, hata nilipompa hati za miaka tofauti zenye mpangilio usiofanana. Hapo ndipo akili unde inapozizidi kwa mbali programu za zamani za kuchota data, ambazo zilitegemea jedwali likae mahali pale pale na ambazo zilivunjika kila msimamizi wa tovuti alipohamisha kitu kidogo. Kodi ya zuio ya asilimia 15 inayokatwa kwenye mapato ya hati hizo ni jambo jingine. Hiyo inafaa kuachiwa fomula ya lahajedwali, kwa kuwa fomula haina siku mbaya.

Bei ya dizeli ilikuwa rahisi kuliko yote. EPRA, mamlaka ya Kenya inayodhibiti nishati na petroli, hutangaza bei za juu za rejareja tarehe 14 ya kila mwezi, zinaanza kutumika tarehe 15, na kila mji una bei yake. Wakala alihitaji kujua tu kwamba lori hujazwa mafuta Nairobi, na kuamka mara moja kwa mwezi.

Jambo ambalo fomu haikuwa nalo, na ambalo ilibidi niliombe, ni kutenganisha tarehe ya chanzo na tarehe ya kukusanywa. Soko la Hisa la Nairobi hufanya biashara Jumatatu hadi Ijumaa, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Wakala anayeamka kila siku atakuta siku ya Jumamosi na Jumapili bei ile ile ya Ijumaa, na kama daftari lina safu moja tu ya tarehe, mtu atakayelisoma baadaye ataona bei tatu zinazofanana na kudhani kwamba hisa ilitulia. Kwa chama kinachokokotoa wastani wa mwezi, mistari hiyo ya ziada huipa Ijumaa uzito mara tatu ya siku nyingine. Kampuni iliongeza safu hiyo ndani ya siku chache, na sasa imo katika fomu ya kila mteja mpya, jambo ambalo naliandika kwa upande wao wa sifa.

Sehemu ngumu, ambayo mnunuzi yeyote wa Kenya anapaswa kuipima kabla ya kulipa, ni taarifa ya M-Pesa. Tangu Safaricom ianzishe huduma hiyo mwaka 2007, imegeuka kuwa daftari halisi la biashara nyingi za hapa, na taarifa yake huja kwa barua pepe ikiwa PDF iliyofungwa kwa nywila. Kila muamala una nambari ya risiti yenye herufi na tarakimu 10. Mtu angedhani kwamba nambari hiyo haiwezi kuonekana mara mbili, na kwa hiyo inafaa kutumiwa kuondoa marudio pale taarifa mbili zinapogusa siku zile zile. Sivyo ilivyo. Ada ya muamala huandikwa katika mstari wake yenyewe ikiwa na nambari ile ile ya risiti, na mstari wa Fuliza, yaani mkopo wa papo hapo wa M-Pesa, nao hufuata mtindo huo pale salio lilipopungua. Wakala, kwa mipangilio aliyokuja nayo, aliondoa kila nambari iliyojirudia na pamoja nayo akazifuta ada zote, hivyo matumizi ya mwezi yakaonekana madogo kuliko yalivyokuwa.

Athari ilikuwa kubwa zaidi kwa mwanachama mwenzetu mwenye duka la vipuri Kirinyaga Road, ambaye aliichukua huduma hiyo kwa ajili ya laini yake ya biashara. Kwake, wakala alihifadhi mistari ya Fuliza lakini akaihesabu kama fedha zilizoingia, kwa sababu katika taarifa imeandikwa kweli kwenye safu ya fedha zinazoingia. Mauzo yake yakaonekana kupanda katika zile wiki ambazo alikuwa amekopa zaidi. “Mhazini, mashine yenu inanipongeza kwa madeni,” aliniambia, na haikuwa rahisi kumtetea wakala mbele ya mtu aliyekuwa ameshika taarifa mkononi.

Dawa ya makosa yote mawili ni ya kihasibu na ni ya zamani. Taarifa ya M-Pesa huonyesha salio katika kila mstari. Salio lililotangulia, ukiliongeza kilichoingia na kulipunguza kilichotoka, lazima lilingane na salio linalofuata, na mahali lisipolingana kuna mstari uliopotea, uliorudiwa au uliogeuzwa. Ukaguzi huo hauhitaji akili unde hata kidogo, kwani ni mistari michache ya msimbo inayoweza kusoma maelfu ya miamala kabla chai haijapoa. Kampuni inao, na unafanya kazi vizuri, lakini imeuweka katika kifurushi cha bei ya juu. Hilo ndilo lalamiko langu kubwa kuliko mengine yote katika tathmini hii. Mkusanyo wa data za fedha usiokaguliwa dhidi ya salio haujakamilika, na kuuza ukaguzi kama nyongeza ni kumwachia mteja mwenye uwezo mdogo, ambaye ndiye asiye na mhasibu wa kumkagulia, hatari ambayo muuzaji anaijua vizuri.

Nisingependa msomaji adhani kwamba makosa haya yanatokana na modeli dhaifu. Modeli za siku hizi zinaweza kubanwa zitoe majibu kwa umbo maalumu, kiasi kwamba safu ya tarehe haiwezi kupokea neno na safu ya fedha haiwezi kupokea sentensi. Wauzaji hupenda kuonyesha uwezo huo, na unapendeza kuutazama. Tatizo ni kwamba umbo sahihi halithibitishi ukweli wa kilichomo. Tarakimu ya wiki iliyopita ina umbo zuri sawa na ya wiki hii. Tuliona hilo kwenye mapato ya mfuko wa soko la fedha: siku ambayo ukurasa wa chanzo haukufunguka, wakala aliijaza seli kwa kiwango cha mwisho alichokuwa nacho, bila alama yoyote ya kuonyesha kwamba ni cha zamani. Tarehe ya kukusanywa ilikuwa ya siku ile, desimali zilikuwa mbili kama zilivyotakiwa, na hakuna aliyetilia shaka hadi mkaguzi wetu wa ndani alipofungua tovuti mwenyewe.

Yapo mipangilio ya kumkataza wakala asikisie, lakini hayakuwashwa tangu mwanzo, na mteja asiyeuliza hatajua kwamba yapo. Yakishawashwa, wakala huiacha seli tupu, huandika sababu katika safu ya maelezo, kisha humtumia mhazini ujumbe kwa WhatsApp, kwa Kiswahili kinachosomeka vizuri, akieleza chanzo kilichokosekana na saa aliyojaribu. Tangu hapo nimekuwa nikizitazama seli tupu kabla ya kitu kingine chochote, na kwa kweli zimenisaidia zaidi ya zilizojazwa: ukurasa uliohamishwa, nywila iliyokwisha muda, siku kuu ambayo soko lilifungwa, vyote vilijitambulisha kwa njia hiyo.

Suala lingine linahusu ni kazi gani hasa apewe wakala. Chanzo ambacho hubadilika mara chache, kama ukurasa wa viwango vya sarafu, hakihitaji modeli ya lugha ikisome upya kila asubuhi. Busara ni kumwagiza wakala mara moja aandike programu fupi ya kukisoma, programu hiyo iwe ndiyo inayoamka kila siku, naye aitwe pale tu inaposhindwa. Gharama hupungua, kasi huongezeka, na jambo muhimu zaidi ni kwamba programu ikisoma ukurasa ule ule mara mbili hutoa jibu lile lile. Wakala hana dhamana hiyo. Katika jedwali letu la sarafu alianza kwa kuandika “Dola ya Marekani”, baadaye akaandika “USD”, na fomula iliyokuwa ikitafuta jina la kwanza ikaacha kuona mistari iliyofuata. Huduma hii inatumia mpango huo kwa baadhi ya vyanzo tu. Kwa vingine bado humtuma wakala na kivinjari, akibofya na kusubiri kama mgeni, na mteja hulipia kila safari. Nilipouliza, nilijibiwa kwa uaminifu kwamba kuandika programu kwa kila chanzo kunahitaji mhandisi wa kuzikagua, na kwamba hawajaajiri wa kutosha.

Kuhusu usalama, nilianza na jambo ambalo kila Mkenya huanza nalo: hakuna mahali popote ambapo huduma iliomba PIN, na mtoa huduma yeyote anayeiomba asiendelezwe mazungumzo. Taarifa za M-Pesa tuliziunganisha kupitia anwani ya barua pepe iliyofunguliwa kwa kazi hiyo peke yake, ambayo wakala anaruhusiwa kusoma bila kutuma wala kufuta. Utenganisho huo si anasa. Wakala anayesoma barua pepe za mtu husoma pia zile zilizotumwa na watu asiowajua, na modeli za lugha zina udhaifu unaofahamika wa kuyachukulia maandishi yaliyomo ndani ya hati kuwa ni maagizo kwao. Paybill ina mlango wa aina hiyo, kwa kuwa jina la akaunti huandikwa na mlipaji mwenyewe. Kwa kujaribu, mwanachama mmoja alilipa mchango wake na kuandika mahali pa akaunti maneno ya kuamuru deni lake lifutwe. Wakala aliyanakili kama yalivyo, akaweka alama ya kuomba mtu ayaangalie, na deni likabaki pale pale, kwa masikitiko ya mwanachama.

Kisheria, orodha ya nani alilipa kiasi gani na lini ni data binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na sheria hiyo inaweka masharti kwa anayehamisha data kama hizo nje ya Kenya. Modeli inayotumiwa na huduma hii haikai Nairobi. Mkataba wao unalitaja jambo hilo katika aya moja iliyofichwa karibu na mwisho. Ningependa lisemwe mwanzoni, na mwanachama aombwe idhini yake kabla jina lake halijasafiri. Sisi tulitatua kwa kumpa kila mwanachama nambari, tukaiacha orodha ya majina katika faili ambalo wakala halifikii.

Ada ni shilingi 4,500 kwa mwezi kwa kifurushi cha kawaida, ikilipwa kwa Paybill. Kulipa kwa shilingi ni nafuu ya kweli ukilinganisha na huduma za kigeni zinazotoza kwa dola, ambapo bili hupanda na kushuka pamoja na kiwango cha siku na kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 16 ikaongezwa juu yake. Kwa chama chenye vyanzo vitatu au vinne vinavyosomwa mara moja kwa mwezi, bei hiyo ni kubwa, na katibu mwenye bidii pamoja na lahajedwali ya bure watafanya kazi ile ile. Inaanza kuwa na maana pale vyanzo vinapofika kumi na kuendelea, au panapokuwa na taarifa ya M-Pesa yenye mamia ya miamala kwa mwezi. Kuna pia sehemu ya kupiga picha risiti za madukani, ambayo inasoma maandishi vizuri sana, lakini mfanyabiashara asidanganyike: tangu Januari 2024 mamlaka ya mapato, KRA, hutaka matumizi yathibitishwe kwa ankara za eTIMS, mfumo wake wa ankara za kielektroniki, isipokuwa yale yaliyosamehewa, na picha safi ya risiti ya kawaida haibadilishi hilo.

Msaada kwa wateja hupatikana kwa simu saa za kazi, na anayejibu anaelewa hesabu, si programu peke yake. Kujiondoa pia ni rahisi kuliko nilivyotarajia: data zote hutoka kwa CSV, faili la kawaida linalofunguka katika lahajedwali, zikiwa na safu zake kamili, pamoja na zile programu fupi ambazo wakala aliandika kwa vyanzo vyetu, na zinafanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida bila usajili. Tumezichukua. Viwango vya sarafu na bei ya dizeli sasa vinasomwa na programu hizo kwenye tarakilishi ya katibu, na kwa wakala tumebakiza hati za Hazina na taarifa ya M-Pesa pekee, katika kifurushi cha juu, hadi kampuni itakapoushusha ukaguzi wa salio katika kile cha kawaida.